Watu Ambao Hawakuchagua Kuja

Mada kuhusu wachungaji wa mwanzo wa makanisa ya Mpanda, iliyotolewa na mgeni mwalikwa kwa wazee wa kanisa, wainjilisti na wanakwaya wakati wa maandalizi ya Jubilei ya miaka 100 ya Usharika



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha hapa salama kutoka Mpanda, safari ambayo kwa umri wangu si ndogo. Pili, nawashukuru ninyi wenyeji. Nimeona hapa mezani mmeniwekea bilauri ya maji. Mimi ni Mbaptisti. Mtanisamehe nikisema kwamba kwetu sisi maji kiasi hiki hayatoshi. (Kicheko.) Lakini nitayanywa kwa shukrani, na habari ya maji nitairudia baadaye, maana inanihusu.

Barua ya Kamati ya Jubilei ilinitaka nieleze jinsi Injili ilivyofika Mpanda, na wachungaji wa kwanza, hasa wa Wabaptisti, walikuwa watu wa namna gani. Nimejitahidi kuitii barua hiyo. Hata hivyo, nilipokaa kuandika niligundua kwamba siwezi kuwatoa Wabaptisti peke yao na kuwaweka mezani kama samaki aliyetolewa majini. Kwetu makanisa yameota pamoja na mizizi yake imeshikana. Kwa hiyo mtanisikia nikiwataja Wakatoliki, Wamoravian, na ninyi Walutheri pia, kabla sijafika kwangu.

Mpanda, kwa wasiokujua, ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo tulikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Ni nchi ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, nchi ya misitu ya miombo na mbung'o. Jina la Katavi lenyewe ni la mzimu wa zamani, ambao wenyeji husema hukaa katika mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na hadi leo wapo wanaopeleka sadaka pale. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa nchi yetu na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Maporini palibaki mahame. Nchi ya namna hiyo haikuwavuta wamisionari wengi kuja kujenga nyumba za mawe zenye kengele kama zile mnazozisherehekea huku.

Basi nani waliochunga kundi la kwanza? Nimelichunguza swali hili kwa miaka mingi, na kila nikilichunguza naona jambo moja likijirudia. Walikuwa watu ambao hawakuchagua kuja. Wengine waliletwa na utumwa, wengine na kibarua, wengine na ukimbizi.

Nianze na Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, magharibi mwetu. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika, wakiongozwa na Kapteni Cambier, walijenga hapo kituo chenye ngome. Mwaka 1885 walikikabidhi kwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie, na ngome ikawa misioni. Wakristo wa kwanza wa Karema wengi wao walikuwa watoto waliokombolewa kutoka katika misafara ya watumwa. Hawakuwa na baba wala ukoo mahali pale. Misioni ndiyo iliyokuwa ukoo wao. Sisemi kwamba jambo hilo lilikuwa jema tupu, kwa maana mtoto aliyenunuliwa, hata akinunuliwa ili awe huru, hana nafasi kubwa ya kumkatalia aliyemnunua. Lakini kanisa la Katavi lilianza hivyo, na heri tuseme kama lilivyoanza.

Miongoni mwao mkubwa kuliko wote ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Lavigerie alikuwa amefungua chuo katika kisiwa cha Malta ili kuwafundisha utabibu vijana wa Kiafrika waliokombolewa, na Atiman alisoma huko. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa tabibu na katekista. Hakuondoka tena. Alioa hapo, akazaa hapo, akatibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: ni miaka 67! Mwanawe Yosefu alipewa upadre mwaka 1923. Mwaka 1946 habari za maisha ya mzee huyo, kama alivyozisimulia mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Mtaniuliza, Mbaptisti anatafuta nini kwa katekista wa Kikatoliki? Ndugu zangu, Atiman hakuwa padre. Hakuwahi kuadhimisha misa hata siku moja. Lakini ukienda ukanda ule wa ziwa ukauliza juu ya mtu aliyewachunga wazee wa zamani, jina utakalopewa ni lake. Mapadre na maaskofu walipokezana, na yeye akawapokea wote na kuwazika baadhi yao. Mtu asiye na daraja wala joho alikuwa mchungaji kwa kazi yake, na bahati yake ni kwamba yuko mtu aliyemwambia akae aeleze, na mwingine akaandika. Wengi wa aina yake hawakupata bahati hiyo.

Sasa nitoke ziwani nije Mpanda mjini. Mji wetu ni mtoto wa mgodi na reli. Katika Mukwamba ilipatikana risasi, ile madini, na Kampuni ya Uruwira Minerals ikaanza kuichimba. Ili kuitoa, ilijengwa reli ya kilometa 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda, iliyofunguliwa mwaka 1950. Treni ilileta vibarua, na vibarua wakaleta dini zao kama walivyoleta sufuria zao.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alifika mwaka 1951 akitokea upande wa Urambo, na alikuwa Mmoravian. Urambo, kama mjuavyo, ilikuwa makao ya Mtemi Mirambo. Wamisionari wa London walifika huko mwaka 1879, na mmoja wao, Dakta Southon, alikufa hapo mwaka 1882. Mwaka 1898 kazi ile ilikabidhiwa kwa Wamoravian. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wajerumani waliondolewa na makanisa yakabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji. Jambo hili ninyi Walutheri mnalijua vizuri, kwa maana ndivyo ilivyokuwa kwenu pia; huko Uzaramo mnaye Martin Nganisya, mwalimu aliyelishika kanisa wakati wenye misioni hawapo. Baba alilelewa na kizazi cha namna hiyo. Kwake, kukusanya watu wasali hakukuhitaji kusubiri mtu aje na barua.

Kwa hiyo katika kambi za vibarua wa mgodi, Jumapili asubuhi, baba alipiga kipande cha reli kwa nyundo, watu wakaja. Walikuja Wamoravian wenzake, walikuja Walutheri kutoka kusini, walikuja Waanglikana. Hawakuwa na meza ya Bwana, kwa sababu hapakuwa na wa kuihudumu. Walikuwa na Kitabu, nyimbo walizozijua kwa moyo (kila mmoja kwa maneno yake, ikawa vurugu takatifu), na sala. Mtu akifa, baba alizika. Mume na mke wakigombana, baba aliitwa usiku. Jumatatu alirudi shimoni kama wengine. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa, wengi wakarudi makwao kwa treni ileile, na sisi tukabaki. Hakuwekewa mikono ya uchungaji na kanisa lolote.

Nafika sasa kwenye habari niliyoitiwa. Mwishoni mwa Aprili 1972 yalianza mauaji makubwa nchini Burundi. Waliowindwa kwanza miongoni mwa Wahutu ni wale waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wachungaji, makatekista. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 100,000, na wengine husema mara mbili ya hao. Waliovuka mpaka kuingia kwetu walikuwa kundi lililokatwa kichwa, na mjue kwamba nasema hivi bila chumvi. Walikuja waumini wengi na wachungaji wachache. Serikali yetu iliwapa ardhi. Ulyankulu ilifunguliwa mwaka 1972 huko Tabora, Katumba mwaka 1973 jirani na mji wetu wa Mpanda, na mwaka 1978, Ulyankulu ilipojaa kupita kiasi, ikafunguliwa Mishamo, msitu wa zaidi ya kilometa za mraba 2,000.

Hapo ndipo ninyi Walutheri mlipofika Mpanda kwa wingi, ingawa katika vitabu vyenu sijaona mkilisema sana. Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi, lile TCRS, liliundwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Ndilo lililofanya kazi Katumba na Mishamo kwa makubaliano na Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Walutheri wa kwanza tuliowajua vijana wa Mpanda walikuwa madereva wa malori, mafundi wa visima, mabwana shamba na wauguzi. Walifyeka barabara katikati ya msitu, wakagawa majembe na mbegu. Mwaka 1985 Mishamo ilikabidhiwa kwa Serikali, na watu wale wakati huo walikuwa wakijilisha wenyewe na kuuza ziada. Nimewahi kumsikia Mlutheri mmoja akilalamika kwamba kazi ile kubwa haikuzaa sharika. Nilimjibu kwamba iliwazaa watu, na watu hao walikuwa tayari na makanisa yao.

Yalikuwa makanisa mengi kwa kweli. Burundi iligawanywa na misioni kama shamba la urithi. Waanglikana, Wamethodisti Huru, Marafiki na Wapentekoste wa Sweden wote waliingia huko miaka ya 1930. Wabaptisti walitangulia kidogo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza misioni ya Kijerumani ya Neukirchen ilikuwa imeanza kazi nchini humo. Vita ikawaondoa, na mwaka 1928 Wabaptisti wa Denmark wakaja kushika kituo cha Musema. Wengi hudhani Ubaptisti wa Tanzania una mzazi mmoja tu, yaani Wamarekani wa kusini walioanza kazi hapa mwaka 1956, waliojenga hospitali ya kifua kikuu Mbeya na seminari ya Arusha. Hao tunawaheshimu. Lakini Ubaptisti ulionishika mimi ulipitia Musema.

Uliletwa Katumba na mwinjilisti mmoja ambaye nitamheshimu kwa kutomtaja jina, maana ana watoto na wajukuu, na mambo ya ukimbizi hayajaisha kuuma. Alikuwa fundi cherehani. Alivuka na cherehani kichwani, na katika mtoto wa meza wa cherehani ile alificha daftari la shule. Nililiona mara nyingi. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili zilizoandikwa kwa penseli: kushoto majina ya washirika wa mtaa wake waliovuka, kulia wale ambao hawakuvuka. Kulia kulikuwa kurefu zaidi. Kila Jumapili kabla ya mahubiri alisoma majina matano ya upande wa kulia. Hakusema neno juu yao, aliyasoma tu, kisha akafungua Biblia.

Nilikuwa kijana wa miaka 22, mwana wa mzee wa Kimoravian, nimebatizwa utotoni kwa maji ya bakuli. Nilikuwa nikienda Katumba kununua mahindi na maharage ya kuuza mjini. Nikaanza kukaa kwenye ibada zao, kwanza kwa ajili ya nyimbo, baadaye kwa ajili ya yale majina. Mwaka 1975 nikaomba ubatizo, na yule mwinjilisti akanizamisha mtoni.

Baba hakuja. Alikuwa ameniambia usiku ule maneno ambayo siwezi kuyasahau, kwamba kwa kuingia maji mara ya pili ninasema kwamba ile mara ya kwanza, aliponibeba mikononi, hakufanya kitu. Nilijaribu kumweleza mafundisho ya Wabaptisti kuhusu imani ya mtu mwenyewe. Akanisikiliza, kisha akasema, “Mwanangu, mimi sikukataza usadiki. Nimeuliza tu kama nilikuwepo.”

Ndugu zangu, najua mko hapa ambao watoto wenu wametoka Ulutheri wakaingia kwetu au kwa Wapentekoste, wakazamishwa, na mioyo yenu ikaumia. Sikuja kubatilisha mafundisho yangu mbele yenu, ningekuwa mnafiki. Bado nasadiki kwamba ubatizo ni wa yule aliyeomba. Lakini nimeishi miaka mingi na swali la baba, na sijalipatia jibu kutoka katika kitabu cha mafundisho. Kwa upande wenu nanyi mnao mzigo wenu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 liliwalaani waliobatiza tena, na nchi za Kilutheri za siku zile ziliwatesa na kuwaua watu hao. Mwezi Julai 2010, katika mkutano mkuu wa Stuttgart, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri liliwaomba msamaha Wamenonite, warithi wa watu wale. Sisi Wabaptisti si Wamenonite, ingawa ni majirani wa karibu katika jambo hili la maji. Niliposoma habari ile niliwaza kwamba Fungamano hilo ndilo lililolipa mafuta ya malori yaliyowapeleka akina mwinjilisti wangu maji na mbegu, bila kuuliza walibatizwaje.

Nimalizie habari ya daftari. Mwaka 2007 wakimbizi wa makazi yale ya zamani waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi sana, karibu wanne kati ya kila watano, walichagua kubaki. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba zaidi ya 160,000 wamekubaliwa, lakini pia kwamba watatakiwa kuhama makazi na kutawanywa mikoani. Ninyi mnaotimiza miaka 100 hebu fikirini tangazo la namna hiyo lingewafika leo. Mngeng'oa mabati ya kanisa? Makaburi je? Watu walisita kujenga, walisita kupanda miti ya matunda. Mpango wa kuwahamisha haukutekelezwa, na Oktoba 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa. Makanisa yakabaki yalipokuwa, na Katumba leo ni sehemu ya Halmashauri ya Nsimbo kama vijiji vingine.

Katika miaka ile ya kusubiri niliona watu wakija kwa yule mzee na daftari lake. Mmoja alitaka kujua mwaka aliozaliwa. Mwingine alitaka tu kuona jina la mama yake limeandikwa mahali. Penseli ilikuwa imefifia na panya walikuwa wamekula pembe moja, hivyo binti yake alikuwa akinakili kwa kalamu ya wino, jina kwa jina, safu ya kushoto na safu ya kulia.

Baba yangu alifariki kabla ya hayo. Siku ya mazishi mchungaji wa Kimoravian alikuwepo, akaongoza ibada kwa utaratibu wao. Kaburi lilipofunikwa, yule fundi cherehani aliomba nafasi, akasimama akasali kwa Kirundi, lugha ambayo baba hakuijua. Baada ya sala alinijia akaniuliza jina la baba linaandikwaje. Nilipomwuliza anataliweka upande gani, akasema, kushoto, pamoja na waliovuka.

Mwenyekiti wa Kamati ya Kitabu ameniambia asubuhi hii kwamba orodha ya wachungaji waliohudumu usharika huu imekamilika, tangu mmisionari wa kwanza hadi sasa, pamoja na picha zao, na kwamba zimebaki kurasa mbili ambazo bado hazijapangiwa kitu. Nimemwomba zisijazwe matangazo ya biashara. Nimeambiwa wako hapa mabibi wawili waliopita umri wa miaka 90, ambao wanawakumbuka walimu wa mitaa na wapiga kengele wa zamani. Kalamu ninayo, na basi langu haliondoki mpaka kesho saa kumi na mbili asubuhi.